Muziki wa asili wa Kikelti wa kudanlodi: huduma nilizotumia nikiwa Arusha, ipi inafaa kulipia na ipi ni ya kuonja tu

Niseme mapema ili mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini. Kama unataka muziki wa Kikelti, yaani muziki wa asili wa Ayalandi, Skotlandi na majirani zao, ule wenyewe wa fidla na filimbi na zumari za mfuko, na unataka mafaili yawe ya kwako jumla, nenda Bandcamp kwanza, halafu Smithsonian Folkways kwa rekodi za zamani, na hizi huduma za kustrimu kina Spotify, Apple Music na YouTube Music zitumie kuonjea tu kabla hujatoa hela. Mengine yote ntakayoandika hapa ni sababu zake, na ziko nyingi, maana huu muziki una watu wake na majina yake na ukiupata bila majina umepata nusu.

Kwa nini kudanlodi na sio kustrimu? Mi ni dereva wa utalii, nakaa Sakina, na kazi yangu inanipitisha Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, kisha geti la Ngorongoro mpaka Serengeti. Anayeijua hiyo njia anajua mtandao unavyofanya. Karatu mjini uko vizuri kabisa, ukishaanza kupanda msitu wa kreta unasuasua, na kule kwenye nyasi kuna vipande virefu ambavyo simu haishiki kitu. Halafu redio ya gari langu, na nadhani na za wenzangu wengi wenye Land Cruiser za zamani, inasoma flashi yenye MP3 basi, haitaki FLAC, yale mafaili makubwa ya sauti isiyopunguzwa ubora, na muziki uliofungiwa ndani ya programu ya simu hauwezi kuuhamishia kwenye flashi hata ufanyeje. Kwa hiyo natathmini hizi huduma kama mtu anayehitaji faili lenyewe mkononi. Kama wewe uko ofisini Njiro na waifai ya siku nzima, hesabu zako zitakuwa tofauti na zangu, hilo nakubali.

Muziki wenyewe nimeujua kwa wageni. Nimeendesha Waayalandi na Waskoti miaka mingi, na kuna mzee mmoja wa kaunti ya Clare, magharibi ya Ayalandi, jioni kambini Seronera alitoa filimbi ya bati kwenye begi akaanza kupiga, taratibu, wimbo unazunguka unarudi unazunguka, na mimi nimekulia Tanga kwa bibi kabla ya kuja huku juu, fidla za taarab na dufu za maulidi ziko masikioni mwangu tangu mtoto, nikajikuta nimeacha kazi ya kukagua matairi nimekaa nasikiliza. Basi ndo ikaanza.

Sasa shida ya kwanza ni kutafuta. Ukiandika Celtic kwenye huduma yoyote kubwa yanakuja juu makundi matatu ya vitu. Kuna muziki wa kulalia, kinanda cha umeme kinavuma chini, sauti ya mawimbi, filimbi ya kompyuta juu yake, picha ya msitu wenye ukungu, na jina la msanii ambalo ukilifuatilia halina mtu nyuma yake. Kuna nyimbo za baa ambazo zinasukumwa sana ikikaribia tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, nyingi zimerekodiwa haraka na kikundi kisichotajwa. Halafu kuna nyimbo za mashabiki wa mpira, kwa sababu timu ya Glasgow inaitwa hivyohivyo. Mtu anayetaka muziki wa kulalia auchukue, una kazi yake, lakini mgeni kwenye huu muziki anasikiliza hayo masaa mawili anaamua kwamba muziki wa Kikelti unachosha na anaachana nao, na hajausikia hata dakika moja. Hilo linaniuma kweli.

Dawa ni kutafuta mtu, chombo na sehemu. Andika Michael Coleman, mpiga fidla. Andika Willie Clancy, mpiga zumari. Andika Altan, andika Bothy Band, hivyo ni vikundi, andika jina la kaunti pamoja na jina la chombo, fidla ya Donegal, kodiani ya Clare. Hapo hapo matokeo yanabadilika. Sehemu ina maana kubwa sana kwa hawa watu, fidla ya Sligo ni ya haraka na ina urembo mwingi, ya Donegal upinde unafanya kazi kwa nguvu na ina harufu ya Skotlandi kwa sababu watu wa Donegal walikuwa wakivuka kila msimu kwenda kufanya kazi za mashamba Skotlandi wanarudi na nyimbo, na ya Clare mashariki inakwenda polepole, ina huzuni fulani ndani hata ikiwa ni ya kuchezea. Ukishajua hilo huwezi tena kuridhika na pleilisti inayochanganya vyote bila kusema nani ni nani.

Na angalia herufi. Majina ya Kiayalandi yana alama juu ya irabu na mtu mmoja anaweza kuwa ameandikwa kwa Kiingereza kwenye albamu hii na kwa Kiayalandi kwenye ile. Mpiga zumari mkubwa marehemu Liam O'Flynn utamkuta pia kama Liam Óg Ó Floinn. Kile kikundi cha Galway kuna albamu zimeandikwa De Dannan na nyingine De Danann, kwa hiyo tafuta mara mbili, usiamini ukiambiwa hamna.

Jambo lingine la kujua kabla hujalipa, ni jinsi wimbo mmoja unavyopangwa. Miziki ya kuchezea, yaani rili na jigi na zile nyingine, kwa kawaida kila mmoja una sehemu mbili fupi hivi, ya kwanza inapigwa mara mbili, ya pili mara mbili, halafu wote unarudiwa tena, kisha bila kusimama wanarukia wimbo wa pili na pengine wa tatu. Kwa hiyo traki moja ya dakika nne inakuwa na majina mawili au matatu yametenganishwa na alama ya mkwaju (/). Huduma inayojali inayaandika yote na inakwambia yalitoka kwa nani. Isiyojali inakata jina la kwanza tu, au inaandika Jigs basi, na kwenye mtunzi inaweka Trad, yaani wa asili, basi. Nilishanunua albamu kwenye duka moja kubwa la mtandaoni, silitaji, traki zote kumi na kitu zikaja zimeitwa Traki 1, Traki 2, na jina la mpiga fidla halipo popote, nikaandika kwao wakanijibu barua ya kawaida tu isiyo na msaada. Nikakaa na ule muziki kama mtu aliyepewa picha za harusi bila kuambiwa bwana harusi ni nani.

Bandcamp

Hapa ndo nimetulia. Ilianza 2008 na inafanya kazi kwa namna ambayo mwanamuziki au lebo yake ndogo inaweka albamu yenyewe, inapanga bei yenyewe, inaandika maelezo yenyewe. Kwa muziki wa asili hilo ndo kila kitu, maana anayeandika ni yule aliyepiga, anakwambia huu nimejifunza kwa mzee fulani wa kijiji fulani, huu ulikuwa haujarekodiwa, hapa napiga fidla iliyolegezwa nyuzi. Mara nyingi unaweza kusikiliza albamu nzima kabla ya kulipa. Ukinunua unachagua aina ya faili, MP3, FLAC na nyinginezo, na unaweza kurudi kudanlodi tena siku simu imeibiwa au laptopu imekufa.

Ushauri wa bando: MP3 ya 320 kbps, ile ya ubora wa juu, inakula kama MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 45 ni kama MB 108, FLAC ni mara mbili mpaka tatu ya hapo. Mi nachukua MP3 ya flashi ya gari kwanza, halafu FLAC naisubiri nikiwa sehemu yenye waifai ya uhakika, naiweka kwenye laptopu kama akiba. Inakuja imefungwa faili moja la zipu, kwenye simu utahitaji programu ya kulifungua. Na hii watu wengi inawachanganya, programu ya simu ya Bandcamp ni ya kusikilizia, ukitaka faili lenyewe la kuhamisha ingia kwa brauza, sio kwa programu, utaona sehemu ya kupakua kwenye ununuzi wako.

Kulipa unaweza kwa kadi au PayPal. Kadi ya benki yangu ya kwanza ilikataa malipo ya nje mpaka nikaenda tawini wakaifungua, kwa hiyo uliza kabla, na siku hizi kadi za mtandaoni zinazotoka kwenye pesa za simu zimerahisisha sana, unaweka kiasi unachotaka kutumia tu basi. Bei zinatofautiana, albamu nyingi ziko kwenye dola 7 mpaka 10 au kiasi hicho kwa yuro na pauni, yaani karibu na sh. 25,000 kwa ile ya juu, na kwa mshahara wa huku sio hela ndogo, najua. Ila Bandcamp inachukua asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali, ukitoa na gharama za malipo kinachobaki ni cha mwanamuziki au lebo yake, na kuna siku za Ijumaa walizoanzisha Machi 2020 wakati wa korona ambapo Bandcamp inasamehe fungu lake. Kama unanunua mara chache kwa mwaka basi subiri hizo Ijumaa, bei kwako ni ileile lakini yule mpiga filimbi anapata zaidi.

Cha kuanzia pale? Brìghde Chaimbeul, dada wa kisiwa cha Skye, anapiga zumari ndogo za Kiskoti, zile za kuvuta pumzi kwa kivukuto cha mkono badala ya kupuliza kwa mdomo. Albamu yake The Reeling ya 2019 ni sauti moja nene inavuma chini muda wote na wimbo unapita juu yake, ukiipiga kwenye gari asubuhi ile bonde la ufa linafunguka mbele yako pale juu ya Mto wa Mbu, wageni wote wananyamaza. Halafu Caoimhín Ó Raghallaigh wa Dublin, mpiga fidla, ana kazi nyingi pale, nyingine ni ngumu kidogo kwa anayeanza. Yumo pia kwenye kikundi cha The Gloaming pamoja na Martin Hayes, albamu yao ya kwanza ni ya 2014, na hiyo naipendekeza kwa kila mtu. Na kuna lebo ndogo ya Clare inaitwa Raelach, ya Jack Talty, mpiga konsatina, ile kodiani ndogo ya mkononi, wanatoa vitu vya wapigaji wa nyumbani kabisa bila mapambo. Nikikosa cha kununua naanzia hapo.

Udhaifu wa Bandcamp upo na niuseme. Albamu kubwa za miaka ya 1960 na 1970 nyingi hutazikuta, kwa sababu ziko mikononi mwa lebo zilizouzwa na kununuliwa na kuuzwa tena. Mfano Green Linnet ya Marekani, ambayo ilitoa nusu ya vitu vizuri vya miaka ya 1980 na 1990, ilinunuliwa na Compass Records ya Nashville 2006. Kwa hiyo ukitaka hizo inabidi ufuate lebo ilipo sasa. Na neno Celtic kwenye Bandcamp nako linaleta muziki wa roki wenye kelele na wa kutafakari, kanuni ni ileile, tafuta mtu.

Smithsonian Folkways

Hii wengi hawaijui na ni hazina. Folkways ilianzishwa New York 1948 na Moses Asch, na Smithsonian ya Washington ilipoichukua 1987 ilikubali kwamba kila albamu ya ile orodha, hata kama inanunuliwa na watu wawili kwa mwaka, itabaki inapatikana. Fikiria hilo, kwenye dunia ambayo muziki unafutwa kila siku. Unanunua kwenye tovuti yao, unapata MP3 au FLAC, na kijitabu cha maelezo ya kila albamu kiko bure kwa PDF hata kama hujanunua chochote. Mi vijitabu nimevisoma vingi kuliko albamu nilizonunua.

Kuna albamu ya 1957 inaitwa Songs of Aran, nyimbo zilizorekodiwa na Sidney Robertson Cowell kwenye visiwa vya Aran, ng'ambo ya Galway. Hakuna ala hata moja, mtu anaimba peke yake kwa Kiayalandi, anavuta sauti na kuizungusha, hana haraka. Wenyewe wanauita uimbaji huo sean-nós. Mara ya kwanza unaweza kuona haueleweki, upe muda. Mimi nilichosikia ni kitu ambacho msomaji mzuri wa kaswida anakifanya, ile kukaa juu ya silabi moja na kuipamba mpaka imekubali kuondoka. Ukiupenda uimbaji huo basi mtafute Joe Heaney wa Connemara, aliyefariki 1984, huyo ndo mlango mkuu.

Upungufu wa Folkways ni kwamba rekodi nyingine hazikufanywa studio, zina mikwaruzo na upepo na mlango unagongwa. Kwenye gari lenye injini ya dizeli husikii kitu, inataka hedifoni na chumba kimetulia.

Vya bure na halali

Internet Archive ina sahani za zamani za santuri zilizoingizwa kidijitali. Sheria ya Marekani ya 2018 iliweka utaratibu kwamba rekodi zilizotoka kabla ya 1923 zikawa huru, yaani bila hakimiliki, kuanzia Januari 2022, na tangu Januari 2024 kila mwaka mpya unafungua mwaka mwingine. Hii inamgusa Michael Coleman moja kwa moja. Alizaliwa Sligo 1891, akahamia New York, akaanza kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na sahani zake zikarudi Ayalandi kwa meli, wapiga fidla vijijini wakaanza kupiga kama yeye mpaka mitindo mingine ya kienyeji ikaanza kupotea. Mtu mmoja Marekani akabadilisha fidla ya nchi nzima nyumbani kwao kupitia santuri. Ukizisikia zina kelele ya sindano lakini ule mkono unaupata.

Kusikiliza tu bila kudanlodi, kuna hifadhi ya muziki wa asili ya Dublin iliyoanzishwa 1987, inajulikana kwa ITMA, tovuti yao ina rekodi za zamani na vitabu bure. Skotlandi kuna Tobar an Dualchais, maelfu ya rekodi za mahojiano na nyimbo, nyingi za chuo kikuu cha Edinburgh ambacho idara yake ya mambo haya ilianza 1951. Humo kuna nyimbo za kazi za akina mama wa visiwani wakipigapiga kitambaa cha sufu mezani ili kikaze, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, mapigo ya mikono ndo ngoma, kama wanawake wanavyotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu. Lebo ya Greentrax imetoa mfululizo wa rekodi za idara hiyo kwa mpangilio mzuri, hizo zinanunulika. Za kisiwa cha Barra nazipenda kupita kiasi.

Na kuna tovuti inaitwa The Session, haiuzi muziki, ila ukiwa na jina la wimbo inakuonyesha ni albamu zipi zimeupiga na nani. Mi naitumia kila mara kabla ya kununua. Naandika jina la rili niliyoisikia, naona orodha ya wapigaji, ndo naenda Bandcamp kutafuta mmoja wao.

Za kustrimu

Apple Music ilifika Tanzania 2020 na Spotify 2021, na kiukweli kwa wingi wa muziki huwezi kuzilaumu, albamu za Chieftains ziko, Planxty wako, Altan wako. Lakini kile wanachoita kudanlodi ni ruhusa ya kusikiliza bila mtandao ndani ya programu yao, Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, ukiacha kulipa kila kitu kimeondoka. Maelezo ya albamu hamna, mpiga zumari aliyeshika traki nzima jina lake halionekani kama jina la kikundi liko juu, na albamu ya 1975 iliyotolewa upya inaweza kuandikwa mwaka wa juzi. Nazitumia kuonja, nikipenda naandika jina kwenye daftari natafuta pa kununua. Kwa anayeanza kabisa, onja huko hivi: albamu ya kwanza ya Bothy Band ya 1975, ina nguvu hiyo utadhani gari limeachiwa breki. Albamu ya Planxty iitwayo Planxty, ya 1973. Martin Hayes na Dennis Cahill, The Lonesome Touch ya 1997, fidla na gita tu, polepole, ukimaliza hiyo hujaguswa basi labda huu muziki sio wako na hamna ubaya. Upande wa Skotlandi Dick Gaughan, Handful of Earth ya 1981, kwa sauti na kwa maneno, na Julie Fowlis, anayeimba kwa Kigaeli, lugha ya asili ya Skotlandi.

Msisahau Bretagne, kaskazini magharibi ya Ufaransa, nao ni ndugu wa hawa. Kule wana bombarde, na mtu wa Pwani akiisikia anashtuka, maana ni nzumari, mdomo wa matete mawili, sauti ya kupasua hewa, inapigwa sambamba na zumari ndogo ya mfuko, na watu wanacheza wameshikana mikono usiku kucha. Waimbaji wawili wanapokezana mstari, wa pili anadaka neno la mwisho la wa kwanza, hakuna pengo la kupumua. Kwenye huduma zote kubwa huu muziki umefichwa chini kabisa, ukiandika Celtic hauji. Andika kan ha diskan, ndo jina la uimbaji huo, au fest-noz, ndo usiku wenyewe wa kucheza.

Vijana wa flashi mjini

Kuna mtu ameniuliza kwa nini nisiende tu kwa wale vijana wenye laptopu karibu na stendi, wanajaza flashi nzima kwa elfu chache. Wale vijana ni wazuri kwa kazi yao, Bongo Fleva, singeli, rumba za Kongo, injili, vyote wanavyo na vimepangwa. Nimewahi kumuuliza mmoja kama ana muziki wa Ayalandi, akasema, "Shikamoo mzee wangu, andika jina nitakutafutia." Nikamwandikia, kesho yake akaniwekea, kilikuwa kile kile cha kulalia chenye mawimbi. Sio kosa lake, alitafuta kama kila mtu anavyotafuta. Nikampa flashi yangu akasikiliza Bothy Band pale pale kwenye spika zake, watu wa bodaboda wakageuka, akaniomba jina la mpiga zumari. Paddy Keenan, nikamwandikia kwenye karatasi.

Alama zangu basi: Bandcamp tisa kwa kumi, inapoteza moja kwa albamu za zamani ambazo hazipo. Folkways nane, ingekuwa tisa kama ingekuwa na Ayalandi zaidi. Internet Archive saba, ubora wa sauti unategemea nani aliingiza sahani. Za kustrimu kwa muziki huu na kwa mtu wa barabarani kama mimi nazipa tano. Kama kuna mdau Arusha au Moshi anajua lebo nyingine ndogo inayouza MP3 za wapiga kodiani wa Clare au waimbaji wa visiwani aweke jina hapa chini, bando la mwezi huu bado lipo.